Barua kwa mwanangu: kwa nini Diamond kapata tano

Mwanangu,

Meseji nimeiona, na ile picha ya kauntabuku langu la kuandikia maksi za albamu, maksi juu ya kumi, uliyopiga kimyakimya ulivyokuja Idi nimeiona pia. Unauliza inakuwaje A Boy from Tandale ya Diamond, mtu mwenye asili ya huku huku kwetu Kigoma, iandikwe tano wakati Remmy Ongala ana nane na nusu, afu unamalizia eti mama huo ni uzee tu unapendelea za zamani. Haya nakujibu, ila kwa maandishi, maana tukipigiana simu tutabishana mpaka bando liishe na hamna atakayemsikia mwenzie.

Kwanza hukusoma vizuri. Geuza ukurasa, Franco wa Kongo, wa zamani huyo, yule pale na sita yake. Professor Jay ana tisa, na Machozi Jasho na Damu ni ya 2001, sio zilipendwa hiyo. Sasa uzee uko wapi?

Mi maksi sitoi kwa wimbo mmoja mkali, wimbo mkali hata redio itanipigia bure. Albamu naisikiliza mwanzo mpaka mwisho kwa mpangilio waliouweka wenyewe, siruki hata kama kuna wimbo unanikera, na sisikilizi huku napika maana nikishaanza kuunga dagaa kwa mawese akili yote iko kwenye sufuria. Nakaa barazani jioni naandika kwa penseli. Zikipita siku kadhaa narudia, nikiona maksi zimeruka sana basi hiyo bado, naiacha kwanza, zikikaa palepale ndo naandika kwa peni. Zile za penseli ulizoziona usizihesabu.

Na kinachoamua kwangu ni upande B. Enzi za kaseti mtu unasikilizishwa dukani wimbo mmoja miwili ya mwanzo unalipa unaondoka, kwa hiyo wengi walikuwa wanapanga moto wote upande A, huku nyuma wanajazia jazia tu ili mkanda usibaki mtupu. Ukigeuza ndo unajua huyu alikuwa na mambo ya kusema au alikuwa na wimbo mmoja na hela ya studio. Professor Jay ukishampitisha kwenye Ndio Mzee, ule wa mgombea anaahidi mpaka vichekesho na watu wanaitikia tu, unategemea sasa atapoa. Hapoi.

Sasa njoo kwa Diamond wako. Nyimbo kibao, Ne-Yo yumo, Rick Ross yumo, Omarion yumo, sawa. Albamu imetoka 2018 lakini Nana mi naicheza kwenye maharusi tangu 2015! Yaani kila wimbo ulitengenezwa kwa siku yake na soko lake, huu wa Nigeria huu wa Marekani huu wa uswahilini kwetu, afu mwisho wakawekwa pamoja. Mmoja mmoja kuna ambao ningewapa nane bila kusita. Mfululizo, unaisha mmoja unaanza mwingine kama abiria wa daladala, hamna anayemjua mwenzie. Ndo hiyo tano.

Utasema hata za zamani ni mikusanyiko mama. Kweli kabisa na ndo maana nyingi zimegota kwenye sita na sita na nusu, ungeangalia ungeona. Bendi zetu zilikuwa zinarekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zipigwe redioni, santuri zenyewe nyingi zikitengenezwa Nairobi, na nyingi ni vile visanturi vidogo vya spidi 45 ambavyo upande mmoja haubebi wimbo mzima wa dansi. Basi wimbo unakatwa vipande viwili, A maneno, B chemko, pale muziki unapochangamka. Vaa hedifoni siku moja usikilize zile walizokuja kukusanya kwenye LP na CD: mwimbaji anamaliza ubeti, gitaa linafifia taratibu mpaka linapotea, kimya kidogo, afu linarudi lilelile ila sasa limechangamka na tarumbeta zinaingia. Wengine waliunganisha vizuri hujui hata pa kushona, wengine wakauacha mwanya hivohivo. Mwanya nakata nusu maksi. Mguu umeshaanza kucheza unaachwa hewani, mi sipendi.

Franco usinigombeze. Mario ya 1985 inakaribia robo saa na sijawahi kuchoka nayo, huo wimbo peke yake kumi. Tatizo ukiisha hiyo mi sikumbuki kilichofuata, na nimejaribu. Jirani yetu hapa Ujiji hajanielewa mpaka leo, anasema kumpa Franco sita ni kukosa adabu.

Remmy ni Songs for the Poor Man, ile ya 1989 waliyorekodia Uingereza kwa Real World ya Peter Gabriel. Mtu wa Kindu huko ng'ambo ya ziwa, kaja Dar kaimba Kiswahili mpaka wazungu wamemfuata. Magitaa yote unayasikia kila moja na njia yake, na ukianza wimbo wa kwanza hupati pa kusimamisha mpaka mwisho. Moja na nusu nimekata kwa sababu ni safi mno, zile za bendi yake ya Matimila walizopiga RTD zina vumbi kidogo, unasikia watu wako chumba kimoja wanatazamana.

Zile zenye mstari bila maksi ni za kurekodiwa. Kuna fundi mmoja wa mjini alikuwa unampelekea kaseti tupu anakurekodia, na yeye kila kitu anakisukuma kwenye C60, dakika thelathini kila upande, albamu ikizidi basi imezidi, inakata katikati ya neno mtu hajamaliza kulia. Hizo siwezi kuzipa maksi, sijui zinaishaje.

Baba yako naye alitaka kujaza daftari, kila anachosikiliza kumi, nikamnyang'anya peni.

Diamond nitamrudia ukija, tukae wote barazani, ila hiyo simu yako uizime kile kitu cha kuchanganya nyimbo, ndo kinachowafanya msijue albamu ni nini. Kilichobaki kwangu ni sanduku zima la taarabu na sijaligusa, redio inakula mkanda, belti imelegea. Pita Kariakoo niulizie belti ya redio kaseti, peleka na ya zamani uliyobeba wafananishe, chukua mbili, mpe mtu anayekuja na treni.

Mama yako