Kwa wanaoanza kusoma uchumi wa kifeministi: ifuateni saa kabla ya fedha

Wengi wanaoingia katika fani hii, inayouchunguza uchumi kwa kuangalia jinsia na kazi isiyolipwa, huanza kwa kutafuta fungu la wanawake katika kitabu cha bajeti, na wakilikuta dogo hudhani uchambuzi umekwisha. Kwa maoni yangu, vifungu visivyotaja jinsia kabisa ndivyo vyenye mengi ya kusema. Chukueni uamuzi wa kupunguza siku za kulazwa hospitalini. Katika hesabu za wizara, gharama kwa kila mgonjwa hushuka na hospitali huonekana imeongeza ufanisi. Lakini aliyeruhusiwa kabla ya kupona bado anahitaji kugeuzwa kitandani, kusafishwa kidonda na kupewa dawa usiku, na anayeyafanya hayo, aghalabu mke, binti au mama, huacha shughuli yake ya kipato bila kuonekana katika jedwali lolote. Gharama imehama kutoka fedha za umma kwenda kwenye saa za mtu.

Mtaambiwa kwamba kazi hiyo haihesabiki kwa kuwa haina bei. Msikubali upesi. Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa, yaani kanuni za kimataifa za kupima uchumi wa nchi, humkadiria anayeishi katika nyumba yake mwenyewe kodi ya pango asiyoilipa, na kuiingiza katika Pato la Taifa. Kwa toleo la 1993, hata kuchota maji ya nyumbani ni uzalishaji, ilhali maji hayohayo yakishatiwa sufuriani, kuipikia familia hakuhesabiwi.

Mkifika kwenye tafiti za matumizi ya muda, someni dodoso kabla ya majedwali. Swali "unafanya kazi?" hujibiwa "hapana, nipo nyumbani tu" na mtu aliyeamka kabla ya wote. Shajara ya saa 24, ambamo mtu huandika alichofanya siku nzima, ni bora, ila iangalieni safu ya shughuli ya pili: anayepika huku akimwangalia mtoto huandika "napika", na mdadisi asipouliza zaidi, malezi hupotea. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa za kazi za matunzo zisizolipwa. Tarakimu hiyo inafaa kufungulia mjadala (na hutumiwa mno kuufunga), lakini ombeni takwimu ghafi mzichambue kwa kipato, kwa sababu kaya yenye uwezo humwajiri mwanamke mwingine aibebe kazi hiyo, na wastani wa wanawake wote huwaficha wote wawili.