Maswali ya Wasomaji: Mnyororo wa Msumeno Unaotoa Unga

Wapendwa wahariri, nakata mikaratusi ya kuuzia wenye tanuri za mikate. Mnyororo wa tronsoneze yangu (msumeno wa injini) nimeunoa juzi, lakini unatoa unga, unavuta kulia, na lazima niegemee mashine ndipo iingie kwenye gogo. Ninunue mwingine? — Msomaji, Ndosho, Goma

Ndugu, usinunue bado. Unga ni dalili ya meno butu. Mnyororo mkali hutoa vipande vinene na hujivuta wenyewe. Na msumeno hukimbilia upande wenye meno marefu au makali zaidi, kwa hiyo meno yako ya kushoto ndiyo yaliyobaki nyuma. Huwapata wengi wanaonoa kwa mkono, maana mkono husukuma tupa vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Anza na tupa. Mnyororo wa saizi ya inchi 0.325 unataka tupa ya mviringo ya mm 4.8, wa 3/8 mdogo mm 4.0; wa 3/8 wa kawaida mm 5.2 au 5.5, kama boksi linavyosema. Tupa nyembamba mno huchimba tumbo la jino, likabaki na ncha dhaifu inayokatika.

Bana upanga (bapa la chuma ambalo mnyororo huuzunguka) kwenye jiliwa na ukaze mnyororo usicheze. Tafuta jino fupi kuliko yote, ulitie chaki: hilo ndilo kipimo, mengine yote yafikie urefu wake. Shika tupa kwa nyuzi 30, ukifuata mstari uliochongwa juu ya jino, na moja ya tano ya unene wa tupa ionekane juu yake. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua unaporudi. Maliza upande mmoja wote, kisha geukia wa pili. Halafu tazama ukingo wa jino kwenye mwanga: ukiona kauzi keupe kanang'aa, bado ni butu. Jino kali halirudishi mwanga pale kwenye ncha.

Sasa tazama kile kinundu kilicho mbele ya kila jino, ambacho wengi hukisahau. Ndicho kinachoamua jino liingie kwenye mti kiasi gani. Kwa minyororo mingi kinatakiwa kuwa chini ya ncha kwa mm 0.65. Jino likifupika kinundu hubaki juu, na hata ukinoa vipi mnyororo utateleza juu ya mti. Kipime kila baada ya kunoa mara tatu au nne, ukishushe kwa tupa bapa ukitumia bati la kipimo. Tunakuomba sana: usikishushe kwa kukisia. Kikizidi kushuka, msumeno hung'ata kwa nguvu na unaweza kuruka kuelekea usoni.

Msumeno ukiendelea kuvuta upande baada ya hapo, kosa liko kwenye upanga: kingo zake mbili zimelika bila usawa. Zisawazishe kwa tupa bapa, na uugeuze juu chini kila unaponoa.

Fundi alininolea kwa mashine ya umeme, meno yakawa na rangi ya buluu. Sasa tupa inateleza tu. — Msomaji, Majengo, Goma

Jiwe lilikandamizwa mno, chuma kikaungua. Jino la hivyo aidha huwa gumu likaikataa tupa, aidha hulainika na kuisha ukali upesi. Sehemu ya buluu iondolewe kwa jiwe hilohilo, kwa kugusa kidogokidogo. Jino likibaki chini ya mm 4, mnyororo huo umekwisha.

Kwa nini mnyororo unaisha ukali kabla ya saa sita mchana? Natia mafuta ya vidanje (oili chafu iliyokwisha kutumika kwenye injini). — Msomaji, Katindo, Goma

Magogo yanayoburutwa kwenye uwanja wa lava hushika punje ndani ya ganda, na punje moja inatosha kumaliza ukali wa meno kadhaa. Kata juu ya kitako cha mbao, na ganda lenye matope ulichonge kwa panga kwanza. Vidanje ina chembe za chuma, haishiki mnyororo, inaziba pampu, na ni sumu kwa ngozi. Tia mafuta ya minyororo. Yakikosekana, oili mpya ya injini. Kupima, elekeza ncha ya upanga kwenye katoni na uongeze mwendo wa injini: mstari wa mafuta lazima uonekane. Usipoonekana, safisha tundu la mafuta na mfereji wa upanga.

Jioni legeza mnyororo. Uliokazwa ukiwa wa moto hujikaza zaidi unapopoa, na huumiza beringi za injini.