Unakwenda kusoma Ujerumani? Kazi ya fani ianze ukiwa chuoni

Mkuu, umeuliza kama ukifika Ujerumani kwa shahada ya uzamili ya uhandisi ufanye kazi yoyote inayolipa, halafu ya fani uitafute ukishahitimu. Nimesoma kule na nimefanya kazi kule. Nakuomba usisubiri kuhitimu.

Tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Ukizitumia zote kupanga mizigo ghalani, kodi ya chumba utalipa, na anayefanya hivyo simdharau hata kidogo, maisha kule ni ghali. Lakini mwajiri wa fani yako ataangalia wasifu wako na kukosa cha kukuuliza.

Tafuta mkataba wa Werkstudent. Unaajiriwa na kampuni ya fani yako ungali mwanafunzi, kwa kawaida hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mimi nilikuwa kwenye timu ya kupima pampu. Pale ndipo nilipojua ripoti ya kazini inaandikwaje, na jinsi ya kumpinga bosi kikaoni kwa takwimu bila mtu kununa. Hata mada ya tasnifu yangu ilitoka kwenye tatizo la timu ile, na msimamizi wangu wa kazini akawa mtu wa kunidhamini nilipoomba ajira.

Angalia pia kama kozi yako ina mafunzo kwa vitendo ya lazima, maana hayo hayahesabiwi kwenye zile siku 140.

Suala la lugha lichukulie kwa uzito sana. Kozi inaweza kuwa ya Kiingereza tupu, ila kampuni nyingi za kati na ndogo vikao vyao ni Kijerumani. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar, anza sasa, ukifika B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, kabla ya kupanda ndege utakuwa umejiokolea mwaka mzima.

Ukihitimu unaweza kupewa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi. Kinaonekana kirefu, lakini usaili mmoja unaweza kula miezi miwili.

Na kila kazi unayoiacha, dai Arbeitszeugnis, barua ya mwajiri inayoeleza ulichofanya na ulivyokifanya. Ni haki yako kisheria. Iombe kabla hujaondoka, hata kama mpango wako ni kurudi nyumbani.

Weka hapa mwongozo wa kozi yako, tuone mafunzo ya vitendo yapo muhula gani.