Nani atagharamia barabara, magari ya umeme yakiongezeka?

Ndugu, umeuliza kama ni haki mwenye gari la umeme nchini Kenya atumie barabara bila kuchangia matengenezo yake, ilhali wa petroli hutozwa kila ajazapo tangi. Hoja yako ina uzito, kwa kuwa tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwezi Julai 2024, hukusanywa kwenye mafuta. Nyuzilandi ilikabiliana na jambo hilo tarehe 1 Aprili 2024 kwa kuanza kuyatoza magari ya umeme kulingana na kilomita yanazosafiri, na naona njia hiyo ni ya haki kuliko kuupandishia bei umeme, ambao pia huwasha taa za watu wasio na gari.

Lakini naomba tusiitazame tozo peke yake. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013, petroli na dizeli yetu yote huagizwa ikiwa tayari imesafishwa na hulipiwa kwa dola, wakati sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa nchi hii hii. Ni kweli kwamba betri nazo hutoka nje, hasa China. Hata hivyo betri hununuliwa mara moja ikatumika miaka mingi, ilhali lita ya petroli ikishaungua lazima nyingine iagizwe. Kwa hiyo ningependa tozo ya kilomita ianze taratibu, bodaboda zikitangulia kupewa nafuu.