Re: CT ya utumbo mwembamba kwa mionzi kidogo: usihifadhi hiyo protokoli!

Mkuu, toa mkono kwenye kitufe cha kuhifadhi. Umeandika kwamba kuanzia Jumatatu wagonjwa wenu wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa utumbo) watapigwa picha kwa 100 kV (volteji ya tyubu ya eksirei) badala ya 120, iteresheni (programu ya kusafisha picha) mmeiweka asilimia 50, slaisi (vipande vya picha) mmezishusha kutoka milimita 5 hadi 1.25 ili ukuta wa utumbo uonekane vizuri, "na Noise Index tumeiacha 12 ile ile". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenitoa usingizini. Hapo hamjapunguza mionzi, mmeiongeza, tena sana.

Noise Index (NI) ni kiasi cha chenga, yaani punjepunje, unachoiambia mashine kwamba unakivumilia kwenye picha. Lakini chenga hizo zinahesabiwa kwa unene wa picha ya kwanza (seti ya kwanza ya slaisi) uliyoipanga kwenye protokoli. Slaisi nyembamba inapata fotoni chache, kwa hiyo chenga zinazidi. Ukigawa unene kwa nne, chenga zinakuwa mara mbili, na mashine ikitaka kuzirudisha kwenye 12 haina njia nyingine ila kupandisha mA (mkondo wa tyubu, yaani wingi wa mionzi) mara nne. Haikuulizi, inatii tu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kwa milimita 5 mlikuwa mnapata CTDIvol (kipimo cha mionzi kinachoonyeshwa na mashine) ya mGy 11. Kutoka kiwambo (chini ya mapafu) hadi simfisisi ya pubis (mfupa wa kinena) ni sentimita 45 hivi, DLP (CTDIvol mara urefu huo) inakuja 495, zidisha kwa 0.015 (kigezo cha tumbo) unapata kama mSv 7.4, dozi ya mwili mzima. Kwa 1.25 na NI ile ile, mashine inataka mGy 44, yaani karibu mSv 30. Kwa mgonjwa mnene mA itagonga dari kabla ya kufika huko. Kijana mwembamba wa miaka 19 ndiye dari yake iko mbali, kwa hiyo yeye atapata mara zote nne kamili. Na huyo ndiye mwenye Crohn, atakayerudi kwenu mara nyingi maishani.

Ubaya wake ni kwamba hakuna atakayepiga kelele. Enzi za filamu ukizidisha mionzi picha ilikuwa nyeusi, kila mtu akaona aibu yako. Kwenye CT picha inazidi kuwa nzuri, daktari wa radiolojia anawapigia simu kuwapongeza. (Msiniulize nimejuaje kuhusu hiyo simu.)

Dawa yake ni rahisi hadi inaudhi. Acha picha ya kwanza iwe milimita 5 na NI 12. Hiyo ndiyo inayoamua mA. Halafu ongeza seti ya pili ya milimita 1.25 kutoka data ile ile ghafi, na hiyo ndiyo utakayotumia kutengeneza koronali (picha za kutazama mwili kwa mbele) za milimita 3. Mgonjwa haongezewi hata chembe. Ukilazimika kubadili unene wa picha ya kwanza, badilisha na NI: 17 kwa milimita 2.5, 24 kwa 1.25. Mashine zinazotumia mAs ya rejea (kiasi cha mionzi cha kuanzia) badala ya NI hazifungwi na unene namna hii, kwa hiyo usichukue namba za jirani mwenye mashine ya aina nyingine ukazibandika kwako.

Sasa hao wakufunzi wa mauzo wa kampuni za mashine. Wanakuja siku mbili, wanavaa beji, wanasema "washa iteresheni, dozi inashuka yenyewe", wanaondoka na kadi zao. Haishuki yenyewe! Iteresheni inafanya kazi kwenye kompyuta baada ya mionzi kuwa imeshapita tumboni mwa mtu. Inachokupa ni ruhusa ya kuvumilia chenga zaidi wakati wa kupiga, na ruhusa hiyo usipoitumia kwa kupandisha NI, umenunua sabuni ya bei ghali ya kusafishia picha tu. Panda kidogo kidogo: NI ikiongezeka asilimia 20, dozi inashuka karibu asilimia 30. Onyesha picha kwa daktari, akiridhika panda tena. Usiruke mara moja, ukuta wa utumbo ukigeuka kama plastiki atawarudisha mlikotoka.

Na kV ni hadithi hiyo hiyo. Kwa 100 kV iodini (iliyo kwenye dawa ya mshipani) inang'aa zaidi, ndiyo faida yake, lakini NI ikibaki pale pale mashine itapandisha mA kufidia na faida inayeyuka. Shusha kV, pandisha NI, vyote viwili. Mgonjwa mwenye kiuno kikubwa mwache kwenye 120.

Kanuni ni moja: badiliko lolote la kV, NI au unene ambalo halijashusha CTDIvol kwenye skrini halijashusha mionzi. Namba hiyo inaonekana baada ya picha ya skauti (ya awali ya kupangia kipimo), kabla hujarusha. Isome, badilisha kitu kimoja, isome tena. Ikipanda na hujui kwa nini, usirushe. Angalia pia kama mgonjwa yuko katikati ya gantri (duara la mashine), maana akiwa karibu na tyubu wakati wa skauti anaonekana mnene kuliko alivyo, na mikono iwe juu kabla ya skauti, si baada.

Awamu (mara za kupiga picha): moja tu. Sekunde 45 hadi 50 baada ya kuchoma dawa ya iodini, au 65 hadi 70, chagua. Nimeona mmeandika "bila dawa, kisha ateri, kisha vena". Za nini kwa Crohn? Mnazidisha kwa tatu kile mlichokwisha kukizidisha kwa nne. Awamu nyingi ziwekeni kwa anayetafutwa mahali anapovuja damu.

Kinywaji cha kujaza utumbo, haraka: mannitol (aina ya sukari) ya asilimia 20 mililita 190, jazia maji ifike lita 1.5, anywe taratibu kwa dakika 45 hadi 60, kikombe cha mwisho akikaribia meza. Utumbo usipojaa utarudia kipimo, na hapo tunarudi kwenye hesabu zile.

Uliuliza na mengine, sikumbuki. Kwanza bandika hapa CTDIvol ya kabla na ya baada, pamoja na unene wa picha ya kwanza. Bila hizo tunapiga ramli.