Panya shamba na homa ya Lassa: majibu kwa barua za wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia homa ya Lassa ya Afrika Magharibi, ugonjwa unaosababishwa na virusi ambavyo panya huvitoa kwa mkojo na kinyesi chake. Miongoni mwa barua zilizofuata tumechagua nne.

SWALI: Ndugu mhariri, mliandika kwamba anayeeneza homa ya Lassa ni panya shamba. Huyo tunaye hapa kwetu, hutumalizia mahindi kila msimu, na mavuno yakishaingia ndani naye huingia nayo. Iweje huko aue watu na huku aishie kula mahindi tu? Au na sisi tunaugua, kisha tunaambiwa ni malaria?
Mkulima, Kilosa

JIBU: Ndugu mkulima, swali lako limewahangaisha watafiti wenyewe, na sehemu ya jibu lake imepatikana si mbali na shamba lako. Panya ni yule yule, Mastomys natalensis kwa jina la kisayansi, ambaye jike lake huweza kuwa na chuchu 24 na huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja. Ameenea karibu kote kusini mwa Sahara. Hata hivyo, ndani ya spishi hiyo moja zimo koo kadhaa zilizotengana kwa maelfu ya miaka, na virusi vya Lassa vimekutwa kwa zile za Afrika Magharibi, hasa Nigeria, Guinea, Sierra Leone na Liberia.

Panya wa huku nao wana virusi vyao. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba wamekuta kwa panya shamba wa Morogoro virusi vya jamaa moja na vya Lassa, wakaviita virusi vya Morogoro, na miaka michache baadaye vikatambuliwa vingine vilivyopewa jina la Gairo. Mpaka sasa hakuna ugonjwa wa binadamu uliohusishwa na virusi hivyo viwili. Lililonivutia zaidi katika tafiti hizo, ambazo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki, ni kwamba kati ya Morogoro na Gairo kuna mahali ambapo koo mbili za panya hukutana na hata kuzaliana, lakini virusi vya kila upande hukomea hapo hapo. Kama virusi vinashindwa kuvuka kutoka kwa panya kwenda kwa panya wa ukoo jirani, basi safari ya kutoka Guinea hadi Kilosa ni ngumu kuliko tunavyoidhania tukitazama jina la mnyama peke yake.

Kuhusu kuugua bila kutambuliwa, wasiwasi wako una msingi, ingawa si kwa Lassa. Huko Afrika Magharibi kwenyewe, watu wapatao 80 katika kila 100 wanaoambukizwa hawapati dalili au hupata homa nyepesi tu. Wanaozidiwa huanza polepole: homa, uchovu, kichwa, koo kuwasha, maumivu ya kifua, kutapika. Kwa siku za mwanzo hakuna mganga awezaye kuitofautisha kwa macho na malaria au homa ya matumbo. Kinachoamua ni kipimo cha maabara. Hapa Tanzania panya hutuletea maradhi mengine, ikiwemo homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, ambayo hutibiwa kwa dawa za kawaida za kuua bakteria iwapo imetambuliwa mapema. Ukipata homa, kipimo cha malaria kikaonyesha huna, mweleze tabibu waziwazi kwamba unalala nyumba moja na panya.

SWALI: Binti yangu ni muuguzi, na amepata kazi ya mkataba Kenema, Sierra Leone. Jirani yangu ananiambia huko wauguzi na madaktari hufa kwa homa hiyo. Je, nimzuie asiende?
Mama, Mombasa

JIBU: Mama, uamuzi wa kwenda ni wa binti yako, lakini jirani yako hakusema uongo, na ni heri mlijue jambo hili lilivyo kabla mkataba haujatiwa saini.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa sababu uliwaangusha wauguzi. Mwezi Januari 1969 Laura Wine, muuguzi wa hospitali ya misheni katika mji wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, aliugua, akasafirishwa kwa ndege hadi Jos, na huko akafa. Muuguzi Charlotte Shaw aliyemhudumia alimfuta mdomo kwa kitambaa akitumia kidole kilichokuwa na mkwaruzo wa mwiba wa waridi. Naye akaugua, akafa wiki chache baadaye. Wa tatu, Penny Pinneo, alipelekwa New York na akapona. Kutokana na damu ya wagonjwa hao, virusi vilitengwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na Jordi Casals, ambaye mwenyewe aliambukizwa na akatibiwa kwa utegili (majimaji yenye kinga) wa damu ya Pinneo. Fundi mmoja wa maabara chuoni hapo hakubahatika: aliambukizwa, akafa.

Kenema yenyewe ndiyo yenye wodi ya Lassa mashuhuri kuliko zote Sierra Leone. Dkt. Aniru Conteh, aliyeiongoza kwa miaka mingi na kuiendeleza hata wakati wa vita, alijichoma kwa sindano alipokuwa akimhudumia mgonjwa, akafa kwa Lassa mwezi Aprili 2004. Aliyemrithi, Dkt. Sheik Humarr Khan, aliuawa na Ebola mwezi Julai 2014, na mwezi huo huo Ebola ikamchukua pia muuguzi mkuu, Mbalu Fonnie, ambaye awali aliwahi kuugua Lassa na kupona.

Nayataja haya si kwa ajili ya kukutisha, bali kwa sababu njia zilizowafikisha huko zinajulikana na nyingi huzibika. Lassa haiambukizi kwa kukaa chumba kimoja na mgonjwa au kumpa mkono. Huambukiza kwa damu, matapishi, mkojo na majimaji mengine ya mwili. Kwa hiyo binti yako amuulize mwajiri wake: glavu na aproni zipo kila siku, au huisha katikati ya mwezi? Sindano zilizotumika hutupwa kwenye kisanduku kigumu, au huachwa mezani? Majibu ya maabara hutoka baada ya muda gani? Akijichoma, nani ataamua aanze dawa, na dawa yenyewe imo stoo? Mwajiri akijibu kwa kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Nyumbani atunze nafaka na mkate katika vyombo vyenye mfuniko unaobana, na asifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu. Akiloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Kama ni mjamzito, au anatarajia kuwa mjamzito, hapo nitasema bila kupepesa: asiende kwa sasa. Lassa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito huua mtoto tumboni katika visa zaidi ya 80 kwa kila 100, na akina mama wengi hawanusuriki. Baada ya kurejea, homa yoyote ndani ya siku 21 asiiuguze nyumbani, na akifika hospitali neno la kwanza liwe mahali alikotoka.

SWALI: Tangu 1969 hadi leo ni zaidi ya nusu karne. Wazungu wamechukua damu za wanavijiji, wameandika makala, wamepandishwa vyeo. Chanjo iko wapi?
Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala

JIBU: Ndugu mwanafunzi, chanjo iliyoidhinishwa haipo, na hasira yako naielewa. Ila hesabu yake si rahisi hivyo.

Utafiti mkubwa wa mwanzo ulifanyika mashariki mwa Sierra Leone kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 1986 ukatoa tokeo lililoongoza tiba hadi leo: miongoni mwa wagonjwa mahututi waliopewa dawa ya ribavirini kwa mshipa ndani ya siku sita za mwanzo, alikufa mmoja kati ya 20, ilhali kabla yake wagonjwa wa hali hiyo walikuwa wakifa zaidi ya nusu. Miaka ya karibuni takwimu zile zimechambuliwa upya, na wataalamu kadhaa wameona ushahidi wake ni dhaifu kuliko ulivyochukuliwa. Mimi naona hapo ndipo penye aibu hasa: dawa imetumika kwa miongo mitatu na zaidi bila mtu kugharimia jaribio lenye kulinganisha makundi mawili kwa haki. Ugonjwa ungekuwa wa Ulaya, jaribio hilo lingeshafanyika zamani.

Kuhusu chanjo, kuna ugumu wa kisayansi pia. Virusi vya Nigeria na vile vya Sierra Leone vinatofautiana sana, na kingamwili zinazoweza kuvizuia huchelewa kujitokeza kwa waliopona. Tena uziwi huwapata takriban robo ya wanaonusurika, na wengine hawapati tena usikivu wao. Kwa hiyo chanjo inapojaribiwa, masikio ya waliojitolea hupimwa, isije nayo ikaleta uziwi. Chanjo mojawapo iliingia hatua ya pili ya majaribio kwa watu mwaka 2024, ikianzia Abuja.

Pale usemapo kwamba faida yote iliondoka na damu, siafikiani nawe kikamilifu. Maabara iliyojengwa Kenema kwa ajili ya Lassa ndiyo iliyothibitisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini humo, Mei 2014. Nchini Nigeria, hospitali ya rufaa ya Irrua, katika Jimbo la Edo, hupima na kutibu Lassa yenyewe, na kituo kinachoongozwa na Profesa Christian Happi mjini Ede husoma jenomu za virusi (maandishi yake ya urithi) hapo hapo bila kusubiri majibu kutoka ng'ambo. Deni lililobaki ni kwa vijiji: sampuli zilitoka huko, lakini ghala lisiloingiliwa na panya bado ni la wachache. Huko Guinea watafiti walijaribu kutega sumu majumbani. Panya walipungua sana, kisha baada ya miezi wakarejea kama kwamba hakuna kilichofanyika.

SWALI: Sisi hula panya wa shambani. Je, nyama yake ina hatari?
Msomaji, Newala

JIBU: Kwa Lassa, la, kwa kuwa panya wa kwenu hawana virusi hivyo. Huko Guinea, ambako vijana huwinda panya hao hao, utafiti wa miaka ya 1990 ulikuta dalili za maambukizi zaidi kwa wawindaji. Nyama iliyoiva haina virusi; hatari iko katika kumkamata, kumchuna na kumpasua kwa mikono yenye michubuko. Homa ya mgunda nayo huweza kuingia kwa njia hiyo hiyo, tena hiyo mnayo mkoani jirani, kwa hiyo vaeni glavu au walau mifuko ya plastiki mikononi, na watoto wenye vidonda wasipewe kazi ya kuchuna.