Wasomaji Wanauliza: Samatta na Msuva tuwapumzishe sasa?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi naona Taifa Stars yetu inazeeka. Samatta na Msuva wote wameshapita 30 na Afcon ya 2027 tunaiandaa wenyewe na majirani zetu Kenya na Uganda, sasa si wapewe mkono wa kwaheri leo hii tupange madogo watupu wazoee mapema? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Kwenye umri uko sahihi, mwaka 2027 Msuva anatimiza 34 na Samatta 35, na straika wa umri huo hakimbii tena kama alivyokimbia akiwa na 25. Ila hilo la kuwatoa wote kwa mkupuo silikubali hata kidogo. Chukua Afcon zetu tatu za karibuni uziangalie kwa pamoja. 2019 kule Misri tunacheza na Kenya, Msuva anafunga dakika ya 6 tu, wanasawazisha, Samatta anaturudisha mbele, mwisho wa siku tumelala 3-2 na la ushindi Olunga kalifunga dakika ya 80. Januari 2024 San Pédro kule Ivory Coast, Samatta anampa Msuva pasi, moja bila, Zambia wanabaki 10 kabla ya mapumziko, yaani mechi tunayo mkononi kabisa, alafu dakika ya 88 inapigwa kona na Chama, ndiyo huyohuyo aliyekuwa Simba wakati ule, Daka anapiga kichwa, 1-1. Desemba 2025 Morocco, Msuva anatutanguliza kwa penalti dhidi ya Uganda, dakika ya 80 Ikpeazu anasawazisha.

Unaona? Aliyetutanguliza mara zote tatu ni mtu mmoja, na mara zote tatu tumeshindwa kulinda goli letu dakika za mwishoni. Hapo mwishoni ndipo uzoefu unapohitajika, kujua nani amkabe nani kwenye kona, lini mpira upelekwe kwenye kibendera ukafie huko, lini kipa alale chini kidogo wenzake wapumue. Dogo hafundishwi hayo kambini akayaelewa, anayaelewa akiwa uwanjani dakika ya 85 miguu imechoka na kaka yake yuko mita 5 anampigia kelele. Ukiwatoa wakubwa wote nani atapiga hizo kelele?

Na tukubali kwamba kuna sehemu tumepokezana vizuri tu. Dickson Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, walioenda Gabon 2017, akapanda ngazi mojamoja mpaka timu ya wakubwa, leo hii kwenye beki simsikii mtu anayemlilia Yondani wala Erasto Nyoni. Katikati Fei Toto yupo, goli lake dhidi ya Tunisia ndilo lililotupa sare iliyotuvusha 16 bora ya Afcon hiyo ya Morocco kwa mara ya kwanza kwenye historia yetu. Shida iko mbele. Kelvin John tunamjua tangu Afcon ya vijana chini ya miaka 17 tuliyoiandaa hapa Dar 2019, Mzize kaifunga Madagascar mawili kwenye CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, kwahiyo vipaji vipo, kinachokosekana ni mechi ngumu za kutosha kwa sababu klabu zetu kubwa zikitaka mfungaji zinatazama nje ya nchi kwanza na mzawa anaingia dakika ya 80 matokeo yameshaamuliwa. Hilo linaniuma sana. Mimi ningekuwa kocha, kuanzia sasa mkongwe mmoja na kinda mmoja wanaanza pamoja kila mechi, na ikifika 2027 kinda ndo anaanza na mkongwe anaingia kuja kutulinda zile dakika 10.

SWALI: Lakini Ujerumani si waliwatimua wakongwe wao wote siku moja? Mbona wao wanaweza? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Walifanya kweli, Machi 2019 kocha wao Löw aliwaambia Müller, Hummels na Boateng kwamba basi, hawaiti tena. Novemba 2020 wakaenda Sevilla wakapigwa 6-0 na Hispania. Mei 2021 kocha yuleyule akawarudisha Müller na Hummels kwa ajili ya Euro. Na hao ni Wajerumani wenye mamia ya wachezaji wa kuchagua, sisi je?

Kung'ang'ania nako kuna hatari yake, sikatai. Misri walibeba Afcon 2006, 2008 na 2010 mfululizo, alafu 2012, 2013 na 2015 hawakufuzu hata moja. Kikosi kilikuwa kimekula chumvi, na baada ya maafa ya mashabiki waliokufa uwanjani Port Said Februari 2012 ligi yao ikasimama, madogo waliotakiwa kuziba nafasi hawana pa kuchezea.

SWALI: Habari ya huko mhariri, na sisi Harambee Stars wa Kenya unatuonaje? Tulicheza Afcon 2019 tukapotea. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Nyinyi mlipata pigo la aina nyingine, FIFA iliwafungia tangu Februari mpaka Novemba 2022, mkaikosa safari ya kufuzu Afcon ya 2023, na nahodha wenu Wanyama alikuwa ameshastaafu timu ya taifa 2021. Wale waliokuwa na miaka 22, 23 kipindi kile, umri wa kukomaa, hawakuwa na mechi za ushindani za taifa. Ila CHAN ya 2025 ilinipa moyo sana, goli la Ryan Ogam pale Kasarani liliwalaza Morocco ambao ndio waliokuja kubeba kombe, na dogo akapata timu Austria. Olunga bado ana magoli mguuni, mi nataka niwaone hao wawili wanaanza pamoja mechi za ugenini, siyo kupishana kwenye mstari dakika ya 75.